Uhalisia na Uchezekaji katika Kanuni za Michezo ya Uhusika ya Mezani: Uhakiki wa Dungeons & Dragons, RuneQuest na Call of Cthulhu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kanuni za michezo ya uhusika ya mezani yakizichukulia kuwa matini yenye mtazamo wake kuhusu ulimwengu. Kwa muda mrefu, wabunifu na wachezaji wa michezo hiyo wameuchukulia uhalisia na uchezekaji kuwa vitanga viwili vya mizani moja: kimoja kikipanda, kingine hushuka. Makala yanachunguza mifano minne, yaani Kriegsspiel ya Prussia (1824), Dungeons & Dragons (1974), RuneQuest (1978) na Call of Cthulhu (1981), na kuonyesha kuwa taswira hiyo ya mizani haitoshi. Hoja kuu ni kwamba uhalisia unaomfaa mchezaji si wingi wa maelezo, bali ni uwezo wa kukisia tokeo la tendo kabla ya kulitenda. Aidha, inaonyeshwa kuwa kila dai la uhalisia hubeba swali la mamlaka: ni nani anayeamua ulimwengu ukoje, na kwa faida ya nani?

1.0 Utangulizi

Mchezo wa uhusika wa mezani huchezwa kwa maneno. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, ambaye hapa ataitwa msimamizi, huieleza mandhari na kuwasemea viumbe wote wasio na mwenyewe, ilhali kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika mmoja na kuamua atakalolitenda. Hakuna hati iliyoandikwa kabla, wala hakuna hadhira iliyo nje ya duara. Tendo linapokuwa na tokeo lisilo la hakika, mathalani kuruka ufa au kumpiga adui kwa upanga, kanuni zilizoandikwa kitabuni na dadu zinazorushwa mezani ndizo zinazotoa jibu.

Kwa mhakiki wa fasihi, mpangilio huu una mvuto wa pekee. Katika utambaji wa ngano, fanani huijua hatima ya sungura kabla hajatamka "paukwa", na hadhira humwachia mamlaka hayo hata pale inapomjibu na kumchochea. Katika mchezo wa uhusika, sehemu ya mamlaka hayo imeondolewa mikononi mwa fanani na kuhamishiwa kwenye kanuni. Kwa hiyo, kanuni si chombo kilicho nje ya usimulizi. Ni mojawapo ya sauti zinazosimulia.

Tofauti kati ya kanuni hizi na kanuni za michezo mingine hudhihirika zikilinganishwa na zile za bao. Mchezaji wa bao hunamua, hutakata na kuilinda nyumba yake, lakini hakuna anayemkosoa kwa kuwa nyumba hiyo haina paa wala mlango. Kete 64 za bao haziwakilishi chochote zaidi ya nafasi zake ubaoni, na kanuni zake huulizwa swali moja tu: je, zinaufanya mchezo kuwa mzuri? Kanuni za mchezo wa uhusika huulizwa maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni hilohilo la bao. La pili ni la usimulizi: je, jambo hili lingeweza kutokea? Mgogoro unaojadiliwa katika makala haya unatokana na kuwapo kwa maswali hayo mawili mbele ya kanuni moja.

2.0 Dhana Mbili na Ukungu Wake

Neno uhalisia, kama litumiwavyo na wachezaji, hubeba angalau maana tatu zinazochanganywa. Maana ya kwanza ni ulinganifu na ulimwengu wa nje: upanga wa kwenye kanuni ujeruhi kama upanga wa chuma. Ya pili ni undani: kadiri kanuni inavyohesabu mambo mengi, kama vile uzito wa mzigo, upepo na uchovu, ndivyo inavyodhaniwa kuwa halisi. Ya tatu ni ushawishi wa ndani: matukio yafuatane kwa namna ambayo mtu aliyeukubali ulimwengu wa kisa hawezi kuyakataa.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzitenganisha maana hizi. Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi husomwa kwa kipimo cha jamii inayoisawiri, ilhali Nagona (1990) na Mzingile (1991) za mwandishi huyohuyo hazihukumiwi kwa sababu tu ulimwengu wake hauonekani popote kwenye ramani. Aristotle, katika mjadala wake kuhusu ushairi, alikwisha kuona kwamba lisilowezekana lakini likashawishi hufaa zaidi katika sanaa kuliko liwezekanalo lisiloshawishi. Mchezo wenye majoka na wachawi hauna budi kuegemea upande huo wa tatu, hata wabunifu wake wanapodai kutumikia wa kwanza.

Uchezekaji, nomino inayotokana na kitenzi chezeka, nao una tabaka zaidi ya moja. Tabaka la juu ni wepesi: kanuni ikumbukike, hesabu iwe fupi, zamu zisichukue muda mrefu. Tabaka la chini, ambalo aghalabu husahaulika, ni uzito wa uamuzi. Mchezo mwepesi ambao machaguo yake yote hufikisha mahali pamoja hauchezeki, kama ambavyo kitendawili chenye jibu lolote hakiteguliki. Ni katika tabaka hili la pili ambapo uhalisia na uchezekaji hukutana, kama itakavyoonyeshwa.

3.0 Kriegsspiel: Kanuni Zilizopunguzwa kwa Jina la Uhalisia

Asili ya mjadala huu ni ya kijeshi. Mwaka 1824, Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, afisa wa Prussia aliyeuendeleza ubunifu wa baba yake, alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa kuwafunza maafisa vita. Ulichezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, kila zamu ikiwakilisha dakika mbili, na mwamuzi akisimama kati ya pande mbili. Majedwali na dadu vilitumika kukokotoa hasara zinazotokana na risasi na mizinga. Huu ulikuwa uhalisia wa maana ya kwanza na ya pili kwa pamoja: idadi zilikusudiwa kulingana na vita halisi, na zilikuwa nyingi.

Wingi huo ndio uliozaa malalamiko. Mwaka 1873 Jacob Meckel aliukosoa ugumu wa kanuni, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali na dadu viachwe, na mwamuzi aliyeijua vita aamue matokeo kwa busara yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba pendekezo la Verdy halikutolewa kwa hoja ya wepesi peke yake. Alichotetea kilikuwa pia ukaribu na vita vyenyewe: afisa vitani hasomi jedwali, bali hupima hali na kuamua. Hapa taswira ya mizani inavunjika kwa mara ya kwanza. Kanuni zilipunguzwa, na uhalisia ukadaiwa kuongezeka.

Hata hivyo, suluhisho hilo lilikuwa na gharama yake. Lilimtegemea mwamuzi ambaye ujuzi wake haukuwa na shaka, tena mwenye cheo kilichowafanya waamuliwa wakubali. Ujuzi ulitoka kwenye karatasi na kuingia kichwani mwa mtu mmoja. Swali la mtu huyo ni nani, na anastahili kuaminiwa kwa lipi, liliahirishwa tu.

4.0 Dungeons & Dragons: Maana Inayohama ya Alama za Uhai

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Mchezo huo ulitokana kwa sehemu na Chainmail (1971), kanuni za vita vya vikaragosi zilizoandikwa na Gygax na Jeff Perren. Katika Chainmail, shujaa alipigana kwa nguvu ya watu wanne, na ili auawe ilibidi apatikane na mapigo manne kwa pamoja. Katika Dungeons & Dragons, mpiganaji wa daraja la nne, ambaye bado aliitwa shujaa, alipewa dadu nne za kukokotoa alama za uhai. Kwa mkabala huu, alama za uhai hazikuanza kama kipimo cha nyama na damu ya mtu mmoja. Zina asili ya hesabu ya vichwa, iliyoingizwa ndani ya mwili mmoja.

Asili hiyo hueleza kwa nini alama hizo ziligeuka kuwa shabaha ya wakosoaji. Mhusika mwenye alama 70 hupigana kwa uwezo uleule akiwa na alama 70 au akiwa na moja. Kisha, akipoteza ya mwisho, huanguka. Gygax, katika kitabu chake cha miongozo ya wasimamizi cha mwaka 1979, alijibu kwamba mchezo wake hauuweki uhalisia mbele, na kwamba alama za uhai ni mkusanyiko wa ustahimilivu wa mwili, ustadi, bahati na himaya ya nguvu zisizoonekana. Vilevile, zamu moja ya pambano ilihesabiwa kuwa dakika nzima, na urushaji mmoja wa dadu ukawakilisha mfululizo wa mashambulizi na hila, si pigo moja.

Utetezi huu una nguvu. Hutoa uchezekaji wa tabaka zote mbili: hesabu ni ya kutoa tu, na mchezaji anayeona alama zake zikipungua hupewa nafasi ya kuamua kama aendelee au akimbie. Udhaifu wake ni kwamba kitabu chenyewe hakiushiki. Tabano la kutibu majeraha madogo hurudisha alama moja hadi nane. Kwa mkulima mwenye alama nne, hiyo ni tiba kamili ya mtu mahututi; kwa shujaa mwenye alama 70, ni zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya kumi. Iwapo alama zilizopotea zilikuwa bahati na ustadi, tabano linatibu nini? Na iwapo zilikuwa majeraha, kwa nini jeraha linalomlaza mkulima kitandani halimpunguzii shujaa hata kasi ya mkono? Hali ni hiyohiyo kwa dakika ya pambano: upanga hujumlishiwa mapigo mengi katika urushaji mmoja, lakini mpiga upinde hurusha mishale miwili, na kila mshale huhesabiwa na kuondolewa podoni.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kuanguka. Kwa kanuni za mwaka 1978, anguko huleta madhara ya dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10. Anguko la futi 100 huleta wastani wa 35, na kamwe halizidi 60. Mchezaji wa mhusika mwenye alama 70 anayefukuzwa hadi ukingoni mwa genge anajua kwa yakini kwamba akijitupa atasalia hai. Kosa la kanuni hii haliko tu katika kutofautiana na maisha. Liko katika kumlazimisha mchezaji kuchagua baina ya kumfikiria mhusika wake kama mtu anayeliogopa genge, na kumfikiria kama akaunti yenye salio la kutosha. Anayechagua la pili hucheza vizuri zaidi kwa mujibu wa kitabu, lakini usimulizi umevunjika mezani.

Kutokana na mfano huu, tunaweza kuutambua uhalisia unaomfaa mchezaji. Mtu anayesema "ninamwaga mafuta ngazini" hutegemea kwamba mafuta yatateleza, hata kama hajawahi kusoma ukurasa unaohusika. Ulimwengu unaofuata akili ya kawaida humpa mchezaji mgeni uwezo wa kupanga, kukisia na kushangaza. Kila mahali kanuni inapoachana na akili hiyo, mchezaji hulazimika kukijua kitabu badala ya kuujua ulimwengu. Uhalisia wa aina hii hauupunguzi uchezekaji. Ndio mtaji wake.

5.0 RuneQuest: Malipo na Gharama ya Undani

RuneQuest, mchezo ulioongozwa kiubunifu na Steve Perrin na kuchapishwa na Chaosium mwaka 1978 katika ulimwengu wa Glorantha wa Greg Stafford, ulikuwa jibu kwa udhaifu huo. Perrin alikuwa amejihusisha tangu mapema na Society for Creative Anachronism, jumuiya ambayo wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwa silaha za mwigo, na tajiriba hiyo inaonekana katika kanuni. Pigo hutua mahali mahususi kati ya sehemu saba za mwili. Deraya hunyonya madhara badala ya kumfanya mvaaji asipigike. Anayeshambuliwa hukinga kwa ustadi wake mwenyewe. Na kila ustadi huandikwa kwa asilimia, hivyo hata mgeni huelewa maana ya kusema kwamba fulani ana 60 katika mkuki.

Kanuni ya kujifunza ndiyo iliyofaulu zaidi. Mhusika aliyetumia ustadi kwa mafanikio huweka alama kwenye karatasi yake, na baada ya safari hurusha dadu za asilimia. Akipata namba inayozidi kiwango alicho nacho, ustadi hupanda kwa asilimia tano. Kwa kurahisisha, mwenye 30 ana takribani nafasi 70 katika 100 za kuongeza ujuzi. Mwenye 90 ana takribani 10 tu. Urushaji mmoja unaeleza kwamba ujuzi huja kwa kutenda, na kwamba kadiri mtu anavyobobea ndivyo la kujifunza linavyopungua. Hakuna jedwali wala hesabu ndefu. Uhalisia na uchezekaji vimefumwa kwa uzi mmoja.

Mfumo wa mapigano haukupata bahati hiyo kikamilifu. Tuchukue wapiganaji wawili wenye ustadi sawa wa kushambulia na kukinga, na tuyaache kando mapigo ya ajabu. Wakiwa na 25 kila mmoja, uwezekano wa pigo moja kutua bila kukingwa ni takribani 19 katika 100. Wakiwa na 50, ni 25. Wakiwa na 90, hushuka hadi 9. Kwa hiyo, mabingwa hupigana kwa muda mrefu kuliko wanafunzi, kila mmoja akikinga pigo la mwenzake, hadi pigo moja la nadra linapoukata mkono wa mmoja wao. Kama picha ya mpambano wa mabingwa, jambo hili linashawishi. Kama saa moja ya watu watano waliokaa mezani, linachosha, na tokeo lake huamuliwa na bahati kuliko uamuzi.

Hata hivyo, ingekuwa hukumu ya haraka kuiona hali hii kuwa kasoro tupu. Mchezaji anayejua kuwa mguu hukatika na kwamba ubingwa si ngao dhidi ya kila pigo hujifunza kuuepuka upanga: hujadiliana, hukodi wasaidizi, hujisalimisha, hukubali fidia. Undani wa kanuni ya vita umezaa kisa chenye vita vichache. Ndiyo kusema kwamba kanuni hufundisha maadili ya ulimwengu wake hata pale isipokusudia, na mhakiki anayeisoma kwa kipimo cha kasi pekee hulikosa funzo hilo.

6.0 Call of Cthulhu: Uaminifu kwa Utanzu

Sandy Petersen, katika Call of Cthulhu (1981), alitumia mfumo uliotokana na RuneQuest kwa kusudi tofauti. Mchezo huo unasimulia visa vya kutisha kwa namna ya H. P. Lovecraft (1890–1937), ambamo watu wa kawaida hugundua kuwa ulimwengu unamilikiwa na viumbe wasiowajali. Ubunifu wake mkuu ni kipimo cha uimara wa akili, ambacho hupungua kila mhusika anaposhuhudia la kutisha. Zaidi ya hayo, kiwango cha juu kabisa cha uimara huo ni 99 ukiondoa ujuzi wa mhusika kuhusu siri za viumbe hao. Anayefikia 20 katika ujuzi huo hawezi tena kuvuka 79, hata akipata tiba gani.

Kama maelezo ya maradhi ya akili, kanuni hii haina mashiko. Hakuna daktari anayepima akili kwa kutoa maarifa kutoka katika 99. Kama usomaji wa Lovecraft, ni uhakiki wa kina uliofupishwa kuwa hesabu ya kutoa. Wahusika wanahitaji maarifa ili kulizuia janga, na maarifa hayohayo ndiyo yanayowaangamiza. Kila kitabu cha kale kinachokutwa maktabani hugeuka kuwa uamuzi mzito: kifunguliwe au kiachwe? Hapa undani umewekwa mahali pamoja tu, pale dhamira ilipo, na mengine yakaachiwa wepesi. Kwa hiyo swali la kiwango gani cha uhalisia kinatosha si swali zuri. Swali lenye tija ni hili: mchezo unaweka wapi hesabu yake, na je, hapo ndipo kiini cha kisa kilipo?

7.0 Uhalisia wa Nani?

Mtu anaweza kudai, kwa kumfuata Verdy, kwamba mjadala wote ungekwisha ikiwa msimamizi mwenye busara angeachiwa kila kitu. Dai hilo linapuuza kilichoahirishwa mwaka 1876. Meza ya burudani haina afisa aliyerudi kutoka vitani. Ina marafiki ambao baadhi yao husema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Kanuni iliyoandikwa humlinda mnyonge wa meza: mchezaji mpya au mpole anaweza kuonyesha ukurasa, na ukurasa haumkatizi.

Lakini ukurasa nao una mwandishi. Kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 1978 ziliweka ukomo wa nguvu kwa wapiganaji binadamu wa kike: 18/50, ilhali wa kiume wangeweza kufika 18/00. Ukomo wa namna hiyo hutetewa kwa jina la uhalisia. Ni utetezi wa ajabu katika kitabu kilekile ambacho shujaa huanguka futi 100 na kuendelea na safari. Mchezo uliokiri kutouweka uhalisia mbele uliukumbuka pale ilipohusu nani anaruhusiwa kuwa shujaa wa kwanza. Toleo la pili la mwaka 1989 liliuondoa ukomo huo, na mchezo haukupungukiwa na chochote.

Mfano huu unaonyesha kwamba uhalisia katika kanuni daima ni uteuzi. Hakuna kanuni inayoweza kuhesabu kila kitu. Hivyo kinachohesabiwa ni kile ambacho mwandishi amekiona kinafaa kutiliwa maanani, na kinachoachwa ni kile alichokidhania. Kazi ya mhakiki ni kuusoma uteuzi huo kama anavyosoma uteuzi wa mtazamo katika riwaya.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba taswira ya mizani kati ya uhalisia na uchezekaji huficha zaidi ya inavyofichua. Kriegsspiel ilipunguza kanuni kwa jina la uhalisia; Dungeons & Dragons ilipata wepesi lakini ikaacha maana ya alama zake ielee; RuneQuest ilifumbata uhalisia na uchezekaji katika kanuni ya kujifunza na kuvitenganisha katika kanuni ya kukinga; Call of Cthulhu iliacha ulinganifu na tiba ikapata uaminifu kwa utanzu. Vipimo vitatu vinapendekezwa kwa uhakiki wa kanuni za namna hii: kama mchezaji asiyekijua kitabu anaweza kukisia tokeo la tendo lake, kama hesabu imewekwa palipo na dhamira, na kama kinachoitwa uhalisia kinawabana wahusika wote kwa usawa. Kanuni inayoshindwa katika kipimo cha tatu haiwezi kuokolewa na viwili vya kwanza, kwa kuwa mchezo ambao baadhi ya waliokaa mezani wamekwisha kupunguziwa ulimwengu kabla dadu haijarushwa haujawa mchezo wa wote.